Nyuzi za Mhina

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe haijafika miaka kumi na mitano na watu wake wote bado wanakunywa chai asubuhi, palikuwa na mtu mmoja akiitwa Mhina. Sogeeni. Wewe mwenye simu, izime. Nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mhina alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza. Kazi yake ilikuwa kulisha majani kwenye korona, ile mashine inayoponda mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Siku moja korona ikamvuta mkono wa kushoto. Wakaizima upesi, lakini vidole vitatu vilikuwa vimekwenda. Akabaki na dole gumba na kidole cha shahada.

Huyu Mhina alikuwa na mtoto mmoja tu, Winifrida. Mama yake alikufa Wini akiwa mdogo, akalelewa na baba pamoja na shangazi yake, Edita, dada yake Mhina, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufungwa. Mkumbukeni huyo Edita. Wini alikuwa na gitaa. Alilipata kwa kusuka watu nywele likizo mbili nzima, na alipolipiga kanisani wanakwaya wenyewe walisahau kuimba.

Basi mwezi mmoja baada ya ajali, Mhina amekaa mlangoni anahangaika na kifungo cha shati. Kifungo kimoja, robo saa nzima! Ndani Wini yuko mazoezini, anapiga wimbo wa sikukuu ya mavuno, vidole vinapanda, vidole vinashuka. Mhina akainuka. Akaingia. Akalichukua gitaa mikononi mwa mtoto, katikati ya wimbo, akalipigiza kwenye kizingiti mpaka likawa vibanzi. Hakusema kitu. Kesho yake Wini akafunga nguo zake akaenda Tanga mjini, na miaka tisa hakuikanyaga nyumba ile.

Miaka tisa, jamani! Mtu anajenga nyumba, anahamia, na rangi inaanza kubanduka.

Mwaka wa tisa Wini akapata mchumba. Wakati huo alishakuwa mwalimu wa muziki, anafundisha kwaya za watu. Akampa shangazi yake ujumbe: "Mwambie baba harusi ni mwezi wa kumi. Aje. Akae na wageni wengine. Wa kunishika mkono kuingia ukumbini ni mjomba." Edita akaufikisha ujumbe kama ulivyo, hakupunguza hata neno. Mhina akasema, "Sawa." Kesho yake akaondoka, huyo, mpaka kwa Kalaghe.

Kalaghe ni fundi redio pale karibu na soko. Ujanani alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi, na gitaa lake kavu, lisilo la umeme, bado lilikuwa limetundikwa ukutani juu ya maredio mabovu.

"Kalaghe, nifundishe gitaa."

"Gitaa? Wewe? Una miaka mingapi, mzee mwenzangu?"

"Hamsini na nane. Na usiniangalie mkono, niangalie usoni."

"Unataka kuanzisha bendi?"

"Nataka wimbo mmoja tu. Nilimkatiza mtoto katikati, nataka nimmalizie."

Kalaghe akalishusha gitaa ukutani. "Basi njoo saa saba, watu wakienda kula."

Akawa anakwenda saa saba. Wenzake wanakwenda kula, yeye anakwenda kuumia. Viganja vyake vilikuwa na sugu za mkonge tangu ujana, lakini ncha ya kile kidole kimoja ilikuwa laini, ikachanika, akawa anaichovya kwenye maji ya chumvi. Mkono wa kulia ukikubali, mguu wa kuhesabia mapigo unakataa. Mguu ukikubali, wimbo unapotea. Akipalilia, mpini wa jembe ni gitaa. Akila, ukingo wa meza ni gitaa. Majirani wakasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Wiki ya tatu akalilaza gitaa magotini.

"Kalaghe, kitu hiki kinataka vidole vinne. Mimi ninacho kimoja. Nimeshindwa."

Akalia. Mtu mzima, amezungukwa na maredio, analia mbele ya fundi. Kalaghe akajitia kutafuta bisibisi.

Kesho yake, kabla ya saa saba, Kalaghe akazilegeza nyuzi. Huu kidogo, ule zaidi, mpaka ukizipiga zote bila kushika popote zinalia vizuri pamoja, na ukilaza kidole kimoja tu juu yake zinalia vizuri tena, kwa sauti nyingine. Wapiga gitaa wa bendi za zamani wanaijua hiyo. Si uchawi, wala si aibu. Mhina akaja, akalipokea, akapitisha mkono. Lo! Sauti tamu. Akalaza kidole pale alipooneshwa. Tamu tena!

"Kalaghe! Nimeweza?"

"Umeweza."

Hapo ndipo pa kusema, "Mhina, nimezilegeza nyuzi kwa ajili ya mkono wako." Alijua? Alijua. Alisema? Hakusema. Akanyamaza.

Miezi minane ikapita hivyo. Nyuzi zikihama, Kalaghe anazirudisha mwenyewe kabla mwenzake hajafika, na Mhina akawa anaamini anapiga gitaa kama watu wote wanavyopiga. Hakumpigia mtu mwingine hata siku moja. Mara mbili Kalaghe alimwambia, "Mpigie hata dada yako akusikie." Akakataa. "Wa kwanza kunisikia ni Wini." Kiburi hicho, au mapenzi? Mimi sijui, na nimekifikiria sana.

Siku ya harusi Kalaghe akaziweka nyuzi sawa kwa mara ya mwisho, akalifunga gitaa kwenye kitenge, akasema, "Mhina, asilishike mtu."

"Kwa nini?"

"We fanya ninavyokwambia."

Mlango wa kusemea umefunguliwa wazi kabisa. Akanyamaza.

Mhina akafika Tanga mjini na mzigo wake. Ukumbini atauweka wapi? Akampa dada yake, akamweleza na habari ya wimbo. "Edita, lifiche chumba mnachompambia bibi harusi. Wini asijue mpaka nitakapoitwa." Edita akaapa. Akaivumilia ile siri tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, na kwa Edita hiyo ni kwaresima nzima.

"Shangazi, unalia nini?" Wini akauliza. Anapakwa poda, upande mmoja wa uso umekwisha, mwingine bado.

"Silii."

"Unalia, nakuona kwenye kioo."

"Baba yako amejifunza gitaa. Ule wimbo wako wa mavuno. Basi, nimesema."

Wini akamsogeza mpambaji kando. Kisha akasema, "Lilete." Edita akalitoa chini ya kitanda, akafungua kitenge. Wini akapitisha kidole kwenye nyuzi, mmoja mmoja.

"Mungu wangu! Shangazi, zote zimelegea. Nani kampa baba gitaa la namna hii? Atachekwa na ukumbi mzima."

Akaliinamia, na kucha zake zile ndefu za harusi, sikio limegusa mbao, akakaza huu, akajaribu, akakaza ule. Akalirudisha katika hali ya magitaa yote ya dunia hii. "Usimwambie nimeligusa," akasema. "Aone ni kazi yake mwenyewe. Akimaliza wimbo nitashuka jukwaani nikamshike mkono. Tutakata keki pamoja naye." Edita akapiga kigelegele cha kooni, watu wa nje wasisikie.

Kaka yake alimpa kitu akifiche, naye amekitoa. Akanyamaza naye.

Ikafika zamu. Mshereheshaji akaita, "Baba mzazi wa bibi harusi ana zawadi!" Mhina akapanda na kitenge chake, suti ya kuazima, akakaa kwenye kiti. Akalaza kidole, akapitisha mkono.

Likatoka lile lisilosemeka. Mlio wa sufuria zinazoanguka.

Akakitazama kidole. Akakisogeza, akapiga tena. Yale yale. Mara ya tatu. Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akafuata, mshereheshaji naye akaongeza utani wake, "Mzee, hilo ni gitaa au ni korona?" Ukumbi ukavunjika mbavu.

Kalaghe alikuwamo, meza ya mwisho. Sauti ya kwanza tu alijua nyuzi zimekazwa. Angesimama akapaza sauti, "Simameni, gitaa limebadilishwa!" Alijua? Alijua. Alisema? Hakusema. Aliitazama sahani yake ya pilau mpaka ikapoa.

Na Wini? Wini yeye alijua gitaa ni zima, maana amelikaza kwa mikono yake. Anamwona baba analaza kidole kimoja kama mtoto anayechezea, anapiga upuuzi mara tatu. Hasira ya miaka tisa ikamsahaulisha ule mkono, akaona amefanyiwa mzaha. Kipaza sauti kilikuwa karibu, akakichukua.

"Baba. La kwanza ulilivunja. Hili umekuja kulifanyia mzaha mbele ya wakwe zangu. Shuka."

Mhina akashuka. Akalifunga gitaa, fundo la kwanza, fundo la pili, kwa mkono ule ule wa vidole viwili. Hakungoja keki.

Jumatatu akampelekea Kalaghe gitaa lake. "Vidole vimenikataa," akasema. Hapo ndipo Kalaghe akapata ulimi. Akasema yote, kuanzia siku ile ya kulia. Mhina akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miezi minane sikuwa napiga gitaa?"

"Ulikuwa unapiga, Mhina. Wallahi ulikuwa unapiga. Ila kwa namna yako."

"Ulikuwa unanibembeleza kama mtoto." Akatoka. Akaenda kwa Edita, akauliza nani alizigusa nyuzi, akaambiwa. Edita naye akapanda gari mpaka kwa Wini, akamweleza yote. Wini akalia mpaka mumewe akaogopa. Kwa hiyo leo hakuna asiyejua kitu. Kila mmoja anajua yote, na kila mmoja amekaa kwake.

Ukimuuliza Mhina, anasema, "Mimi ni mzazi, nimeshushwa jukwaani mbele ya wakwe. Nilikwenda na mikono yote miwili, hata huu uliobaki nusu. Mnataka niende mara ngapi? Aje yeye."

Ukimuuliza Wini, anasema, "Mimi ndiye niliyevunjiwa. Na siku ile nilikuwa nimeshamsamehe kabla hajapanda. Nililishika gitaa lake kwa upendo, yeye langu alilishikaje? Mpaka leo hajafungua kinywa akaniambia, mwanangu, nilikukosea. Wimbo si neno. Aje yeye, aliseme."

Ukimuuliza Kalaghe, anasema, "Nilimpa mtu furaha miezi minane. Ukumbini ningesema nini, kwamba mzee wa watu hajui kupiga? Nilisema asilishike mtu, likashikwa. Aanze aliyelitoa."

Ukimuuliza Edita, anasema, "Aliniambia nifiche, hakuniambia lina nini. Nilisema kwa furaha. Tangu lini furaha ikawa kosa? Waanze wenye gitaa lao."

Wini amejifungua mtoto wa kiume. Amemwita Mhina. Ndiyo, amempa jina la babu yake, na hajampeleka kwa babu yake. Ana meno sita, anatembea, na mzee yeyote akipita mbele ya nyumba anamwita babu. Mzee mwenyewe yuko Muheza, mwendo wa saa moja tu kwa basi. Mwezi uliopita alianguka shambani akipalilia, wakamwinua majirani. Gitaa liko ukutani kwa Kalaghe. Amelitoa nyuzi zote, kwa sababu kila akizifunga hajui azikaze vipi.

Mnanitazama nini? Mnashangaa nimeyajuaje ya chumba cha bibi harusi? Haya, nimechoka kujificha. Huyo Edita ni mimi. Kaka yangu ananipa kiti, ananipa chai, na nikilitaja jina la mtoto anatoka nje. Nikimtajia Wini jina la baba yake, anaingia jikoni. Nami mdomo wangu huu, uliosema pasipotakiwa, siku hizi kila nikiufungua kuwaambia "Nisameheni, ni mimi" unakauka, nabaki kuuliza habari za mvua.

Basi nimewasimulia, na sikuficha langu. Mzee anazeeka na mtoto anakua. Je, kati ya sisi wanne, nani anapaswa kuinuka kwanza akapige hodi?