Kanga na Simba Asiyetajwa

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mnaombwa mkopo? Na wakubwa nao wamo humu, nawaona mmejifanya mnasinzia. Paukwa!

Pakawa! Ehee. Sasa tunaelewana.

Mmesikia habari za simba waliokula watu kule Njombe, enzi za Mwingereza. Wengine wanasema hawakuwa simba wa kawaida, walitumwa na wachawi. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa mbele za Mungu kwa jambo nisiloliona. Ninachowapa ni ngano ya bonde jingine, na wanyama wake wananichosha tangu siku niliyoisikia kwa bibi yangu. Nikipandisha sauti, Mungu anisamehe. Wao ndio wananipandisha.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi alisimuliwa tu, palikuwa na bonde la nyasi ndefu. Wanyama huku, watu kule ng'ambo ya kijito. Na palikuwa na desturi. Tumbili anakaa juu ya mti, Kanga anatembea chini. Akionekana mnyama mkali, Tumbili anabweka, Kanga anadakia: keke-keke-keee! Swala wanaruka. Ngiri wanaingia shimoni. Na watu waliokuja kukata kuni wanaacha kuni, wanarudi kwao. Hakuna aliyewapa amri. Walijua tu: Kanga akilia, toka.

Basi akaja simba. Simba mzee. Chonge lake moja limevunjika, fizi imevimba, akitafuna maumivu yanampanda mpaka sikioni. Pundamilia hamkamati. Nyati hamwezi. Akatazama, akatazama, akaona yuko mnyama mmoja asiye na pembe, asiye na kwato, asiye na mbio. Mtu. Akamla mtu.

Siku hiyo Tumbili alikuwa amelala. Alishiba matunda, jua lilikuwa zuri, akalala. Angesema hivyo, ngano ingeishia hapa, twende zetu tukale. Hakusema. Alipoulizwa ilikuwaje asibweke, alijikuna, akasema yule haonekani. Eti alikuja kama moshi.

Nyati naye. Dume zima, shingo kama gogo, alikuwa karibu na mahali pale, akakimbia. Alipoulizwa akasema alimpiga pembe, pembe ikapita kama inapita kwenye maji. Hakumpiga pembe. Alimpa mgongo.

Na Fisi, ambaye alikuwa anakula masalia na hakutaka simba afukuzwe, akasema huyo katumwa. Katumwa na nani? Hajui, ila katumwa. Na asitajwe, maana ukimtaja unamwita.

Wanyama wakakubali. Wenye akili na wasio na akili, wote. Wakasema kilio cha Kanga nacho ni kumtaja, basi Kanga anyamaze. Akija chui, lia. Akija nyoka, lia. Akija yule, nyamaza.

Mnaona mambo hayo? Mlinzi anaruhusiwa kumpigia kelele paka, simba akija afumbe mdomo.

Kanga akafumba. Simtetei, alifumba. Simba akapita kwenye nyasi, chwa, chwa, chwa. Kanga akaziona mbavu zake zilivyochomoza. Akaona udenda unamtoka upande wa jino bovu. Kimya. Jii. Kule kijitoni mtu mmoja alikuwa anakata kuni huku anapiga mluzi, masikio yake kayakabidhi kwa Kanga. Mluzi ukasikika. Mluzi ukakatika.

Na kila alipoliwa mtu, uwongo ukanenepa. Simba akawa mweupe. Akawa na macho manne. Akawa anawaita watu kwa majina yao. Mwenyewe wakati huo kalala kichakani, analamba fizi.

Siku moja Kanga alikwenda kuokota mtama ukingoni mwa shamba la watu. Hapo akamsikia Sekela, mke wa yule aliyekuwa anapiga mluzi, akiongea na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa anamwambia kwamba wanaume wamekubaliana. Akipotea mtu mmoja tu zaidi, bonde lote linachomwa, nyasi na vichaka, mpaka yule atoke.

"Na kuni tutakata wapi, mama?" Sekela akauliza.

"Mbali, mwanangu. Zamani kanga wa lile bonde walikuwa wanatuambia. Siku hizi hata wao wametusaliti."

Kanga akadondosha punje. Maana humo kwenye nyasi, chini ya kichaka cha miiba, alikuwa na mayai yake. Bado kidogo tu yaanguliwe.

Akarudi mbio, akawaita wanyama. Akawaeleza habari ya moto. Nyati akasema kama ni moto watakimbia, kwani moto wameuona leo?

"Mayai hayana miguu, mzee Nyati."

"Utataga mengine."

"Na wewe uote pembe nyingine, maana hizo naona hazifanyi kazi."

Swala wakacheka. Nyati akanuna. Tumbili akamsihi kwa upole kwamba akimtaja yule, atakuja.

"Kaka Tumbili, tumemnyamazia tangu nyasi mbichi mpaka zimekauka. Hakuja?"

Tumbili akajikuna.

Kanga akasema, "Mimi nilimwona. Nilimwona kabisa, na yule bwana anapiga mluzi, nikanyamaza. Hilo ni langu, nitalijibu kwa Mungu. Haya, na ninyi semeni yenu."

Lo. Ilikuwa nafasi nzuri hiyo. Mtu kawafungulia mlango, kilichobaki ni kuingia. Tumbili akatazama juu. Nyati akatazama chini. Fisi akasema mkutano umekuwa mrefu. Wakatawanyika!

Haya. Siku chache zikapita, nyumbani kwa Sekela kuni zikaisha. Njaa ya watoto haingoji, akachukua shoka, akavuka kijito. Akasimama, akasikiliza. Kimya. Akaanza kukata. Ko! Ko! Ko!

Na simba akaja. Chwa, chwa, chwa. Akapita karibu kabisa na kichaka cha miiba, na humo Kanga kalalia mayai. Akilia, simba atajua alipo. Asipolia, Sekela ataliwa na moto utakuja. Juu ya mti Tumbili alikuwa macho safari hii. Alimwona vizuri sana. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kanga akatoka kwenye kiota, akaburuta bawa kama aliyevunjika, akalia:

"Keke-keke-keee! Simba! Simba huyu hapa, kwenye miiba! Simba mzee wa jino bovu!"

Simba akageuka. Kanga akaburuta bawa upande wa pili, mbali na mayai, huku analia. Simba akaruka, pu! Akapata manyoya ya mkia. Akaruka tena, pu! Wakatokea mahali peupe pasipo nyasi. Sekela alikwishatupa kuni, yuko juu ya jiwe anapiga yowe. Wanaume mashambani wakalisikia yowe, wakaja na mikuki.

Mkuki uliingia. Uliingia vizuri tu.

Wanyama wakasubiri watu waondoke, ndipo wakaja kutazama. Simba amelala. Macho mawili. Rangi ya simba. Mbavu nje, kupe masikioni, jino limeoza. Kanga akasimama pale bila mkia, akangoja waseme.

Nyati akamnusa, akasema, "Huyu siye."

Fisi akasema hata yeye anaona hivyo, yule mwenyewe bado yupo.

Tumbili akasema, "Huyu si anaonekana? Yule haonekani."

Bibi alipofika hapa alikuwa anapiga goti lake kwa kofi, na mimi leo nalipiga langu. Mzoga uko mbele yao!

Kanga hakubishana nao. Akarudi, akakalia mayai yake. Yakaanguliwa. Kitu cha kwanza alichowafundisha vifaranga hakikuwa kuchakura. Aliwafundisha kulia, na kutaja ni nani, na yuko wapi. Watu wakasikia tena, wakaendelea kukata kuni zao kijitoni, na nyasi hazikuchomwa.

Fundisho lake ni hili. Simba yule alikuwa mgonjwa, peke yake asingefika mbali. Aliyemsaidia ni mmoja aliyeona aibu kusema nililala, na mwingine aliyeona aibu kusema nilikimbia, na sisi wengine tulioona ni adabu kunyamaza.

Hadithi yangu naitua hapo, na simba wake kalala hapo.

Ila nina ombi. Kesho mkienda kuni mkaona nyayo, njooni mniambie ziko wapi na zimeelekea wapi. Msinieleze nani kamtuma. Na kama mlikuwa mmelala, niambieni mlilala. Sitawapiga.