Doa Chini ya Bawa

Mtu mmoja alikuwa na ndege ndogo kuukuu. Aliitwa Gervas Kapele, na kwa miaka kumi na tisa aliwachukua wagonjwa kutoka vijiji visivyo na barabara akawapeleka hospitali ng'ambo ya milima. Watu walimpenda. Wako waliowapa watoto wao jina lake.

Fundi wa ndege hiyo alikuwa kaka yake, Anaseti. Asubuhi moja Anaseti aliona doa la buluu chini ya bawa, rangi inayoachwa na mafuta ya ndege yakikauka. Akapaziba mahali pale. Kesho yake doa likatokea tena, kiganja kimoja pembeni. Ndipo akajua kwamba mafuta hayavuji pale yanapoonekana. Yanatoka kwingine ndani, yanatambaa kwenye mifupa ya bawa, kisha yanadondoka mbali na tundu. Akamwomba mdogo wake siku tatu, ili amwage tangi, afungue bawa, afuate njia ya mafuta mpaka chanzo chake.

Gervas akakataa. Wagonjwa wanangoja, alisema, na hilo lilikuwa kweli. Lakini abiria walipoanza kuuliza doa lile na harufu yake ni vya nini, akatwaa kitambaa, akawa analifuta doa kila asubuhi kabla hawajafika.

Anaseti alimkuta akifuta. Akamwambia, "Mdogo wangu, usinifutie njia. Hilo doa ndilo pekee linalotuambia ukweli."

Gervas aliendelea kufuta mpaka bati likang'aa.

Wiki ile ile alimpakia Yustina, mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi yake, pamoja na mumewe. Wakiwa juu ya bonde, mpira uliochakaa wa kupitishia mafuta ndani ya bawa ukaachia. Mafuta yakamwagika hewani, injini ikanyamaza. Gervas alikuwa rubani hodari. Aliishusha ndege katika shamba la ulezi, na hakuna aliyepata hata mchubuko. Lakini hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu. Yustina alifariki alasiri ile, kichwa chake mapajani mwa mumewe, na mtoto hakuzaliwa.

Anaseti alipofika alilifungua bawa palepale shambani. Mpira wenyewe ulikuwa mfupi kama kidole. Kuubadilisha kungechukua mchana mmoja. Gervas aliupokea mkononi, akalia mbele ya yule mume, na yule mume hakumtazama. Tangu siku hiyo hakurusha ndege tena, na wagonjwa aliowaonea huruma wakabaki vijijini kwao, hawana wa kuwachukua.

Ndugu zangu, Gervas hakuwa mtu mwovu. Kazi yake ilikuwa njema, na aliipenda kuliko nafsi yake. Basi nawe uliyeketi hapo, unayesema huna nafasi ya kufunguliwa kama bawa lile, nawe unalifuta doa lako kila asubuhi: je, ni nani amepanda pamoja nawe?