Maboga ya Chini ya Dirisha

Vita vya mwaka 1979 vilipopita Jinja, nyumba ya Bi Eseza kule Wanyange ilibaki kuta tupu. Binti yake Margret akamchukua hadi Malukhu, Mbale, alikoolewa na Nicanor, muuguzi ambaye zahanati yake ilikuwa imeporwa hata vitanda. Mtu angesema bibi kizee ameangukia pema, mzee na muuguzi chini ya paa moja! Kumbe mila ilisimama mlangoni kama askari. Mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso, sembuse kugusana. Nicanor hakuwa na kazi, akashinda nyumbani. Bi Eseza naye akashinda chumbani, ameketi mkekani kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Margret ndiye aliyekuwa mdomo wao.

"Mwambie mama asikae mahali pamoja," Nicanor alisema akiwa sebuleni. "Ngozi ya mzee ni karatasi. Ageuke kila mara, na anywe maji hata kama hana kiu."

"Mwambie mkwe wangu nageuka kama chapati," sauti ilijibu kutoka chumbani kabla Margret hajafungua kinywa. "Na maji nimemaliza."

"Mama, anakusikia! Na wewe unamsikia! Mimi hapa nafanya kazi gani?"

"Kazi ya adabu, mwanangu."

"Basi nione mgongo."

"Mgongo huu ulikubeba wewe. Hauna neno."

Margret akasonya, akaenda zake. Kiangazi kilipofika, bustani za majirani zilikauka, lakini maboga ya chini ya dirisha la mama yake yalinawiri ajabu. Alipita hapo kila siku na ndoo yake, akayasifu.

Asubuhi moja mama akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Margret alitoka nje akiwaza, na papo hapo akaona mkono ukimimina kikombe cha maji dirishani. Maskini! Mama alikuwa akiikwepa safari ya chooni, maana njia ilipita mbele ya mkwe. Margret akarudi ndani kwa hasira, akamgeuza kwa nguvu. Chini ya matambara na majani ya mchaichai ya kuua harufu, kidonda kilikuwa kipana kama kiganja, kimechimba hadi mfupa.

"Baba watoto, ingia! Mila ije ituhukumu kesho!"

Nicanor akaingia. Bi Eseza aliweza kufunika uso tu. Gari halikuwapo, mkwe akamfunika shuka, akambeba mgongoni mchana kweupe kuelekea hospitali. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akainua bunduki.

"Shusha mzigo!"

"Afande, ni mama mkwe wangu."

"Tangu lini mkwe akambeba mama mkwe? Toa shuka, tuone silaha!"

Shuka likatolewa mbele ya watu wa sokoni. Yote aliyoyaficha Bi Eseza miezi ile yakaonekana. Askari mwenyewe aligeuza uso, akawapungia wapite. Hospitali hawakuifikia. Bi Eseza alikata roho mgongoni mwa mkwe wake.

Margret aliyang'oa maboga yale hata mizizi. Nanyi wenye wazazi wazee, msitosheke na "sijambo" ya mlangoni. Ingieni, muwageuze, muone. Mficha maradhi, kifo humuumbua.