Kompyuta ya Subilaga na Mlango wa Shangazi

"Ni mimi" haifungui mlango.

Mmemsikia yule mama pale sokoni akimwambia mwanawe hivyo, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mimi nimeyakuta Mbeya, nimeyakuta Kyela, hata Chunya kwa wachimba dhahabu nimeyakuta, na kila mahali watu hudai ni ya babu zao. Si ya babu wa mtu. Methali hii ni changa kuliko baadhi yenu. Ilizaliwa Tukuyu, msimu wa mvua, katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Subilaga, aliyefundisha watu kutumia kompyuta. Alikuwa na kompyuta moja tu, nayo aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Wanafunzi wake walikuwa wasichana walioacha shule njiani, wauza ndizi wawili watatu, na mama mmoja mtu mzima, Tumpe, aliyetaka kumwandikia mwanawe aliye ng'ambo bila kumtuma mtu. Walikaa mbele ya kioo kwa zamu, wengine wakitazama mabegani.

Subilaga alikuwa na jambo moja analojivunia. Mfumo unaoendesha kompyuta yake ulikuwa na leseni halali, aliyoinunua yeye mwenyewe na kuiandikisha kwa jina lake. Kila mwanafunzi mpya alianza kwa kusikia maneno hayohayo: "Humu ndani kitu cha wizi hakiingii, hata kiwe hakionekani."

Basi ikaja radi. Tukuyu mnaijua, mvua yake haibishi hodi. Radi ikapiga nguzo, umeme ukaingia ndani kwa hasira, kompyuta ikazima. Fundi wa Mbeya aliifungua akakuta madabodi imeungua, ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Akaweka mwingine. Kompyuta ikawaka, kazi za wanafunzi zote zimo, hata barua ya Mama Tumpe iliyoishia katikati. Lakini kwenye pembe ya chini ya kioo pakasimama maneno ya kijivu yasiyofutika. Mfumo huu haujathibitishwa, yalisema. Thibitisha leseni yako.

Wakati mwingine wowote angevumilia. Lakini kesho yake wakaguzi wa wilaya walikuwa wanakuja kulitazama darasa. Wakiridhika, lingepata kibali. Wasiporidhika, kanisa lilikwisha kusema wazi kwamba chumba kitarudi kuwa stoo ya viti. Na jambo la kwanza wakaguzi wanalotazama ni kama mfumo ni halali au ni wa kuiba. Maneno yale ya kijivu yangetosha kulifunga darasa.

Subilaga akaandika ile namba ndefu ya leseni. Ikakataliwa. Akaiandika tena polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayemfundisha kiziwi. Ikakataliwa. "Ni mimi!" akakiambia kioo. "Ni mimi niliyekununua, ni mimi ninayekufuta vumbi! Hunijui?"

Kompyuta haikuwa imemkalia kimya. Ilimfungulia ukurasa wa kumwuliza kimetokea nini, na chini yake pakawa na majibu ya kuchagua. Mojawapo lilisema: Nimebadilisha kitu ndani ya kompyuta hii hivi karibuni. Subilaga alilisoma, akarudisha mkono wake kama aliyegusa sufuria ya moto. Akawaza, leseni ilipewa kompyuta yenye ubao wa zamani. Nikikiri kwamba nimeibadilisha tumbo, si watasema hii siyo? Nani hujipeleka polisi kwa miguu yake? Akaufunga ukurasa ule, akarudi kwenye namba. Ikakataliwa.

Jirani yake alikuwa Ambakisye, fundi wa simu, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Aliposikia anagombana peke yake akachungulia.

"Dada Subi, unabishana na chuma?"

"Kimenikana."

"Hicho dawa yake ninayo." Akatoa fleshi mfukoni. "Unachomeka hii, kinanyamaza. Nusu ya kompyuta za mji huu zimekunywa dawa hii na hazijawahi kukohoa."

"Hiyo ni ya wizi, Ambakisye."

"Wizi gani? Leseni si ulinunua mwenyewe? Hapo labda unajiibia mwenyewe, na mtu akijiibia nani atamshitaki?"

Maneno ya Ambakisye yalimwingia Subilaga kwa utamu wake. Usiku mmoja tu, wakaguzi waje, waondoke, kisha aitoe dawa. Nani atajua? Ambakisye akaiweka fleshi juu ya meza. "Ikikushinda, ipo," akasema, akarudi kwa simu zake. Subilaga aliitazama kitambo. Akaitia mfukoni, akafunga darasa, akatoka kwenye mvua.

Mambo yalipomzidi alikuwa na mahali pamoja pa kwenda, kwa shangazi yake Sekela aliyemlea, upande wa pili wa bonde. Shangazi alikuwa haoni vizuri, anaishi peke yake, na tangu aibiwe kuku alikuwa anaweka komeo hata mchana. Subilaga alifika amelowa chapachapa. Tena mafua yalikuwa yamemkaba koo tangu juzi, sauti imekuwa nzito kama ya dume.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, shangazi! Fungua, nalowa!"

"Kila anayelowa ni mimi. Hata aliyemchukua kuku wangu, kwao anaitwa mimi."

Subilaga akagonga kwa kiganja. "Shangazi jamani! Hata mimi hunijui?"

"Sauti hiyo siijui. Na unavyogonga ndivyo unavyozidi kuwa mgeni."

"Mimi ndimi!"

"Sasa wamekuwa wawili," shangazi akasema ndani, na kiti kikasikika kikisogezwa kuuzuia mlango. "Sikiliza wewe mtu. Kama u wa humu, jina lako umeliacha wapi? Na sauti hiyo umeitoa wapi?"

Subilaga akavuta pumzi. "Ni Subilaga, binti wa kaka yako Andongwisye. Sauti imeharibiwa na mafua."

Kiti kikasogezwa, komeo likavutwa, mlango ukawa wazi, na shangazi amesimama na kanga kavu mkononi.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo sasa hivi unakunywa chai. Unanipigia kelele mimi, mimi, ningejuaje? Sauti ikibadilika, jina hubaki. Mtu wa nyumbani hutaja jina lake na kusema kilichombadilisha, akafunguliwa. Mwizi ndiye huishia kwenye mimi."

Subilaga alibaki kizingitini, maji yanamtiririka, hachukui kanga. Mara akaanza kucheka na kukohoa kwa pamoja.

"Umeugua na kichwa?" shangazi akauliza.

"Nimepona, shangazi. Chai nitakunywa kesho." Akageuka, akateremka bonde mbio.

"Na huyu alikuja kufanya nini?" shangazi akauliza, akafunga komeo lake.

Darasani Subilaga aliwasha kompyuta, akaiunganisha na simu yake ipate mtandao, akaurudia ule ukurasa aliokuwa akiukimbia. Safari hii alibonyeza bila kurudisha mkono: nimebadilisha kitu ndani ya kompyuta hii. Haikumkaripia. Ikamwuliza yeye ni nani. Akaandika anwani ya barua pepe aliyoandikishia leseni siku ya kununua, na neno lake la siri. Na hapo, kwenye kioo, likatokea jina la kompyuta ile, jina aliloipa yeye mwenyewe siku ile kwa furaha: Ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa. Muda wote lilikuwa limeandikwa huko, linamngoja. Akaweka alama pale penye maneno, hii ndiyo ninayoitumia sasa.

Kiduara kikazunguka. Mtandao wa Tukuyu wakati wa mvua hukokota miguu, na Subilaga alikitazama kiduara kile bila kupepesa. Kisha maneno ya kijivu yakatoweka.

Asubuhi alimrudishia Ambakisye fleshi yake.

"Imenyamaza?"

"Haikunyamaza. Imeniitikia."

Wanafunzi walipokuja aliwasimulia yote, mlango na kioo, hata fleshi iliyolala mfukoni hakuificha. Walicheka mpaka Mama Tumpe akajifuta machozi. Walikuwa bado wanacheka mlango ulipogongwa.

"Hodi humu!" sauti ya mwanamume.

"Nani?" darasa zima likajibu.

"Ni sisi."

"Sisi nani?" wakapaza sauti, na Mama Tumpe akaongeza, "Hata walioiba kuku ni sisi!"

Subilaga alikuwa amekwisha kugundua, ameinuka, ameshika kichwa. Kabla hajaufikia mlango, sauti ikasikika tena, taratibu.

"Lazaro Mtweve, mkaguzi kutoka wilayani, pamoja na mwenzangu. Mtatuona tumechafuka, ni kwa sababu gari limezama kwenye tope. Kuku hatujaiba."

Mlango ukafunguliwa. Bwana Mtweve aliingia na matope hadi magotini, akauliza nani amewafundisha kuwahoji watu wa serikali. Mama Tumpe akamjibu kwamba "ni mimi" haifungui mlango. Alipoelezwa alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa wa leseni, akasoma, akaitikia kwa kichwa. Darasa likapata kibali chake, na viti vya kanisa vikatafutiwa stoo nyingine. Lakini neno alilolichukua kwenda nalo wilayani si la leseni, ni hilo la Mama Tumpe. Alilisema kwa dereva, dereva akalisema kituo cha mafuta, na toka hapo likashika barabara kama mnavyolisikia.

Basi msidhani ni neno la kompyuta tu. Mtu hupigwa na radi zake, akarudi kwao ana sura nyingine, akasimama nje ananung'unika kwamba wamemsahau. Hawajamsahau. Na ataje jina lake, na aseme kilichompata, maana humo ndani limeandikwa bado. "Ni mimi" haifungui mlango.