Kindi, Kiboko na Kanda Saba za Panga Halilali

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mwoga akae wapi?"

"Akae katikati!"

"Na jasiri?"

"Naye akae katikati, ajifanye anamshika mwoga mkono!"

Basi sogeeni. Hapo zamani za juzijuzi, wanyama walipokuwa na deki za video na umeme wa jua, aliishi Kindi. Mwili kama ngumi, mkia kama ufagio, na mali yake ilikuwa moja tu: kanda saba za sinema ya kutisha iitwayo Panga Halilali, sehemu ya kwanza mpaka ya saba. Ya kwanza aliipata kwa korosho. Ya pili kwa karanga. Ya saba aliingoja masika matatu, akaipata kwa kumbembeleza Kunguru mpaka sauti ikamkauka. Ukizipanga zote saba rafuni, migongo yake inaunga picha ya panga moja refu, kutoka mpini hadi ncha. Kila asubuhi Kindi alilipangusa kwa mkia, fyu, fyu, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga kelele: "Jamani, limetimia!"

Na hofu? Weee! Kinyago, muuaji wa sinema hiyo, akitokea tu akiburuta panga sakafuni, kwaruu, kwaruu, Kindi hujifunika mkia usoni. Miaka yote hiyo hajaona hata mtu mmoja akikatwa. Lakini raha aliyoipata chini ya mkia ule, msiniulize!

Siku moja akaja Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na feni nne na nyumba yake haina dari. Ana baiskeli mbili, hajui kupanda hata moja. Akiona kitu kwa mwenzake, tumbo linamwuma mpaka akichukue.

"Wewe Kindi! Nasikia una panga."

"Shikamoo, Mzee. Ni sinema tu."

"Marahaba. Lete."

"Chukua moja, Mzee, ukishaitazama..."

"Zote!"

Akazikumba kanda zote saba kwa mkupuo mmoja, akaondoka nazo, tii, tii, tii. Kindi akatazama rafu. Nyeupe! Hata mpini haukubaki. Machozi yakamlenga, lakini kabla hayajadondoka akakumbuka jambo. Sinema ile ni ya lugha ya kigeni, na Kiboko hajui hata salamu yake. Na pale kwao sinema haitazamwi bila mtafsiri, anayekaa kando ya televisheni akieleza kila neno. Alilosema mtafsiri, ndilo lililosemwa. Na mtafsiri wa kijiji alikuwa nani? Kindi!

Kesho yake mchana, kweli, akaitwa.

"Si kwamba sielewi," alisema Kiboko, amelijaza kochi pembe hadi pembe. "Naelewa sana. Ila masikio yangu madogo. Haya, tafsiri!"

Kanda ikaingia, klak! Utepe ukazunguka, zrrrr! Kinyago akatokea, kwaruu, kwaruu.

"Kasemaje?"

Sasa nyie, Kinyago hasemi. Sehemu zote saba, hasemi hata hodi. Kindi akajikohoza.

"Anasema, nani kachukua vitu vya wadogo?"

"Mbona mdomo haujafunguka?"

"Kavaa kinyago, Mzee. Utauonaje?"

"Ahaa. Endelea."

Siku ya pili kanda ikaingia, klak! Utepe ukazunguka, zrrrr! Kinyago akatokea, kwaruu, kwaruu.

"Kasemaje?"

"Anasema wembamba hana shida nao. Anamtafuta mnene."

Kiboko akavuta tumbo ndani. Halikuingia.

Siku ya tatu, klak! Zrrrr! Kwaruu, kwaruu.

"Kasemaje? Sema polepole!"

"Mnene huyo, anasema, ana masikio madogo na mdomo kama mlango wa ghala."

"Mbona tuko wengi!" Kiboko akaropoka, akafumba mdomo haraka.

Siku ya nne akataka madirisha yafunguliwe, mwanga uingie. Ya tano akaomba ashikwe mkono. Ya sita alitazama akiwa nyuma ya kochi, na kochi likawa linatetemeka. Naye Kindi, mkia usoni, alitafsiri yote hayo bila kuona kitu!

Siku ya saba Kinyago akaungua moto, akatumbukia kisimani, na nyumba ikamwangukia. Televisheni ikabaki na chengachenga, chwaaa!

"Kafa?"

"Kafa, Mzee."

"Afadhali!"

"Lakini hata ya sita alikufa. Na ya tano. Huyu kila akifa, hurudi sehemu inayofuata."

"Ya... ya nane iko wapi?"

"Haijatengenezwa. Kabla hajafa kasema itachezwa nyumbani kwa mwenye kanda."

Kindi akatega sikio. Alijua kwamba kila alasiri Kobe hupita pale kwenda mtoni, gamba likikwaruza changarawe. Kwa kawaida saa hiyo Kiboko huwa amelala fofofo. Leo alikuwa macho makavu.

Kwaruu.

"Umesikia?"

Kwaruu. Kwaruu.

"Kindi mwanangu, hizi kanda za nani?"

"Zako, Mzee."

"Zangu tangu lini? Zako! Na deki yako! Na televisheni yako! Mimi mgeni tu hapa!"

"Hodi!" Kobe akaita kwa sauti yake nzito.

Puu! Kiboko akatoboa ukuta akatoka, maana mlango ulikuwa mbali. Chubwi! Mtoni. Ndiyo maana hadi leo Kiboko hushinda majini mchana kutwa, katoa macho, masikio na pua tu. Anachungulia kama Kinyago ameondoka.

Kindi akazirudisha kanda rafuni, moja, moja, mpini hadi ncha. Fyu, fyu. "Limetimia!" Jioni ile mlangoni kukasikika kwaruu, kwaruu. Alijua kabisa ni Kobe anarudi kutoka mtoni. Akajifunika mkia vilevile.

Utepe wangu umekwisha. Ukiwa mtamu, kaeni nao. Ukiwa mchungu, nirudishieni niurudishe nyuma, zrrrr, niuanze upya mpaka mkome.

Na funzo, wanangu: uongo haufai hata kidogo. Mtazameni Kindi. Alidanganya siku saba mfululizo, na akaipata adhabu yake: alibeba televisheni nzito peke yake, mpaka kwake.