Utitiri wa Sultani Hamdani

Palikuwa na Sultani mmoja akiitwa Hamdani, aliyependa kuku wake kuliko wake zake wanne, na wake wenyewe walilijua hilo. Kuku walikuwa saba, weupe pe, zawadi ya mfalme wa mbali. Walilalia mito ya pamba. Walilishwa halua asubuhi na tende jioni.

Sasa, kuku aliyeshiba halua tumbo lake halina adabu. Wiki haikupita, wote saba wakaanza kuharisha. Manyoya ya nyuma yakagandamana, yakawa madonge makavu yanayoning'inia. Kuku akitembea unasikia ko, ko, ko sakafuni, kama bibi aliyevaa mitalawanda ya mbao. Harufu ikaja. Na baada ya harufu ukaja utitiri, vile vijidudu ambavyo huvioni kirahisi ila unawashwa. Kuku wa Sultani wakajikuna mpaka vifua vikabaki vitupu.

Sultani akatafuta wa kumlaumu, wala hakwenda mbali. Ng'ambo ya ukuta wa jumba aliishi mjane msuka mikeka, Bi Mwanamvua, mwenye kuku kumi na mmoja wa kienyeji na ulimi ulioogopwa mtaa mzima. Akaitwa barazani. Alikwenda kwa hofu, maana tangu mumewe afariki kuku wale ndio waliomweka mjini.

"Mwanamke," Sultani akanguruma, "utitiri wako umeruka ukuta wangu!"

"Umeruka, Maulana? Utitiri hauna mbawa."

"Basi umepanda!"

"Na askari wa zamu walikuwa wapi?"

Watu wakainamisha vichwa kuficha meno. Sultani akapiga kiti chake kwa kiganja.

"Sikia hukumu. Leo hii, kabla jua halijatua, utautoa utitiri wako kwa kuku wangu, mdudu kwa mdudu. Ukimwacha mmoja wa kwako, kuku wako wote wanachinjwa na wewe unahama mji. Ukimchukua mmoja wa kwangu, umeiba mali ya Sultani, na mkono unakatwa."

Bi Mwanamvua akapima. Huku kuku, huku mkono! Nani aliyewahi kuutambua utitiri kwa sura? Akamtazama Sultani, akaona jinsi alivyokitunisha kifua. Hapo akapata wazo.

"Nimesikia, na nimetii. Ila Maulana anioneshe kwanza wa kwake, nisije nikaiba."

"Wa kwangu?" Sultani akavimba. "Kuku wa Sultani awe na utitiri? Tangu lini?"

"Kwa hiyo wa kwako hakuna hata mmoja?"

"Hakuna!"

"Wote wangu?"

"Wote!"

"Popote walipo?"

"Popote walipo! Waziri, andika!"

Waziri akaandika. Bi Mwanamvua akashusha pumzi. Mkono umepona, sasa kuku.

Akafunga kanga kiunoni, akaomba beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, mkasi, majivu ya kuni na majani ya mwarobaini, na kuku waletwe barazani na viota vyao. Akamkamata kuku wa kwanza, akamtia kichwa kwapani, akamkalisha majini kwa nyuma mpaka donge likalainika. Kisha mkasi, kacha!

"Unakata manyoya ya kifalme!" Sultani akapiga kelele.

"Nakata kilichogandia manyoya, Maulana. Ukikitaka, hiki hapa, kipokee."

Sultani akarudisha mkono haraka.

"Na hayo majivu ya nini?"

"Ya kuukausha utitiri. Na hizi taka za viotani zote zichomwe, maana wengine wamejificha humo. Tena Maulana, halua basi. Wapewe mtama."

"Kuku wangu ale mtama kama kuku wa maskini?"

"Kuku wa maskini ana makalio makavu, Maulana."

Waziri alikohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi.

Sultani akashuka kitini. Alitaka kumkamata yule mjane na kosa, kwa hiyo akainama juu ya kila kuku, pua karibu iguse mkia, ndevu zikifagia mabawa. Na utitiri, ulipoona majivu yanamwagika, ukafanya kama mtu yeyote ambaye nyumba yake inaungua: ukakimbilia nyumba ya jirani.

Alasiri kuku wote saba walikuwa wakavu, weupe, wanatembea bila mlio. Viota vilikuwa vimechomwa, na nyufa za banda zimejazwa majivu. Sultani akawakagua unyoya kwa unyoya. Hakuona kitu. Akakasirika kuliko mwanzo.

Mara akajikuna shingo. Akajikuna tena. Akaingiza vidole ndevuni, akatoa kitu, akakitazama kwenye mwanga, uso ukamng'aa kama wa mtoto siku ya Idi.

"Huyu hapa!" akapiga ukelele. "Umemwacha mmoja! Waziri, lete kisu, kuku wake wote wachinjwe!"

Bi Mwanamvua akasogea, akakitazama kile kidole.

"Maulana, mdudu huyo ametoka wapi?"

"Ndevuni mwangu! Wote wameona!"

"Ni wa kwako?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akaitazama karatasi aliyoiandika.

"Ni wa kwako wewe!" Sultani akasema. "Mimi sina utitiri!"

"Basi Maulana ana haki, kazi sijaimaliza, na jua bado liko juu. Hukumu inasema wote, popote walipo."

Akapandisha mikono ya nguo yake, akatia kidole kwenye beseni kupima maji, akaokota mkasi.

"Vua joho, Maulana, uinamishe kichwa hapa kwapani. Mimi huanzia nyuma."