Kwa Nini Tango Lina Uchungu Kichwani

Kabla babu wa babu yangu hajaota jino la kwanza, huku kwetu Upareni tango lilikuwa tamu kuanzia kichwani mpaka mkiani. Na msinitazame hivyo, mimi huwa siongezi chumvi. Hata nikipunguza, watu hawaamini. Tango la enzi hizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba ukianza kulila kichwani asubuhi, na mwenzako akaanzia mkiani, mnakutana katikati keshokutwa, mnasalimiana na kuulizana habari za huko mtokako.

Utamu huo ndio ulioleta balaa. Watu walikula ganda, walikula nyama, walikula na mbegu. Tango likinenepa kidogo tu limeshachumwa. Mbegu za kupanda zilipatikana kwa bahati, kwa yale matango machache yaliyojificha chini ya majani mpaka yakapitwa, yakakomaa yakawa ya njano. Hakuna aliyehangaika kuweka akiba. Bahati ilikuwa inatosha.

Halafu likaja jua. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini hesabu ya jua lile naiweza: misimu minne bila tone. Vyura walisahau kuogelea. Ulikuwa ukitema mate, hayafiki chini. Bustani moja ikafa, ya pili ikafa, mpaka mlima mzima ukabaki na shina moja la tango, na shina hilo likabaki na tango moja.

Lilikuwa nyuma ya jiko la mwanamke aliyeitwa Nakiete. Mbegu yake aliletewa na mama yake mzazi siku ya kuolewa, imefungwa kwenye pindo la kaniki, na mama huyo alishafariki. Nakiete alijua kitu kimoja: mbegu ya tango changa haioti. Alishajaribu mara tatu. Hilo moja lazima lizeekee pale pale kwenye shina, siku arobaini, la sivyo tango linakwisha duniani na wajukuu watasimuliwa tu kama wanavyosimuliwa habari za majini.

Basi akashikilia. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye shina. Maji ya kunawia uso alinawia juu ya shina. Mumewe, Senkondo, alipoomba akate kipande cha kulowesha ulimi, Nakiete alimjibu bila kugeuka: "Baba, ulimi wako nimeusikia miaka tisa. Ukikauka kidogo tutapumzika wote." Senkondo akaenda zake.

Majirani nao hawakuwa shida, maana huku kwetu mtu haingii bustani ya mwenzake. Isipokuwa mmoja. Mama mkwe. Yeye kwa mila zetu anaingia bustani ya mke wa mwanawe saa anayotaka, anachuma anachotaka, na mke wa mwana hana ruhusa ya kusema hapana. Si kwamba inakatazwa tu. Wakati ule neno lenyewe lilikuwa halitoki mdomoni, lilikuwa linakwama hapa kooni kama mfupa wa kuku.

Mama mkwe wa Nakiete aliitwa Nambua, bibi mwenye njaa ya watu sita. Siku ya ishirini na moja alituma salamu: kesho adhuhuri nakuja kuliangalia hilo tango. Na kila mtu alijua macho ya Nambua yalikuwa yanatazama kwa niaba ya meno.

Nakiete hakulia. Alikaa jikoni akafikiri jinsi alivyomwachisha ziwa mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa king'ang'anizi kuliko kupe. Hakumkataza. Alipaka tu shubiri kwenye titi, mtoto akaacha mwenyewe. Akainuka, akakata majani ya mshubiri, akayakamua, akapaka utomvu wake kwenye kichwa cha tango, pale linaposhikana na shina. Alipaka asubuhi, akapaka tena jua lilipopanda, na lile ganda lilikuwa na kiu kama sisi, likanywa yote.

Nambua akafika na kisu.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo. Karibu. Bustani ni yako."

"Najua ni yangu. Sogea."

Tango lilikuwa limelala chini kama ndama, huwezi kulinyanyua. Bibi akaona kisu kinamchelewesha, akapiga magoti upande wa kichwani penye kivuli cha majani, akauma.

Ndugu zangu, uso wa yule bibi ulikunjika mpaka masikio yakakaribia kupeana mkono. Alitema. Akatema tena. Alitema mpaka povu jeupe likafunika kichwa chote cha tango, na mbuzi watatu wa jirani wakalifuata wakidhani ni maziwa.

"Hili tango limekufa," akasema alipoupata ulimi wake.

"Pole mama. Basi tuliache likauke."

Likaachwa. Likawa la njano, likapasuka ganda kama kisigino cha mkulima, na siku ya arobaini Nakiete akalifungua. Uchungu ulikuwa umeishia kichwani. Chini kote mbegu zilikuwa nzima. Nambua alikuwa amesimama pale, na bibi yule hakuwa mjinga. Alinusa kisu, akanusa mkono wa Nakiete.

"Shubiri," akasema. "Kama mtoto mchanga. Kwa nini hukuniambia tu hapana?"

"Ningeisemaje, mama?"

Hapo palikuwa na mila, na mila hiyo nusura ilimeze tango la mwisho la dunia. Akasema, "Kweli, usingeweza. Basi nitaisema mimi." Akachana kipande cha kaniki yake. Mvua iliponyesha na shina jipya lilipozaa, akalifunga tango la kwanza kitambaa hicho kwa mkono wake mwenyewe, libaki la mbegu, akawaambia wenye meno wote wa mlima ule kwamba yeye, mwenye haki ya kuchuma, hachumi.

Kuanzia mwaka huo tango likabaki na uchungu kichwani, kwa mbegu ile ile. Ndiyo maana ukilila unakata kichwa kwanza, unakisugulia pale pale kwenye mkato mpaka povu jeupe litoke; povu hilo ni mate ya Nambua, na mimi nalifuta kwa heshima. Na ndiyo maana mwaka huu pia, nyuma ya jiko langu, mama yangu mwenye miaka tisini na kitu amepiga magoti bila kushikwa mkono, amefunga kitambaa kwenye tango la kwanza la mke wangu. Mke wangu alimletea kigoda. Hakuketi. Alikaza fundo kwa meno mawili aliyobakiwa nayo, akaondoka.